Kamera Iliyofungwa Kanga: Kisa cha Nyumba Moja ya Pemba Inayotazamwa Kutoka Mbali

Aliyenipigia simu alikuwa Fuoni, Unguja. Nyumba yenyewe iko Wilaya ya Wete, Pemba. Alianza kwa maneno mawili tu: "Kamera haioni." Kisha akaongeza kwamba kipimamvua nacho kinasema uongo, au dada yake ndiye anayesema uongo, na kwamba hawajazungumza vizuri kwa wiki tatu. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikate tiketi ya boti.

Naandika kisa hiki kwa ridhaa ya wenyewe na bila jina la mtu. Nyumba nyingi za Pemba sasa zinafungwa kamera na vihisi vya hali ya hewa na watoto walioko Unguja, Dar es Salaam au Muscat, na kila ninapoitwa karibu nakuta kosa lile lile: njia ya kutazama imejengwa kuanzia kwa mtazamaji. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba lazima ianzie ndani ya nyumba inayotazamwa. Naamini hivyo kwa sababu za kifundi, na naamini hivyo kwa sababu za adabu.

Mzee wa Fuoni ana mikarafuu ya urithi. Msimu ukiingia, dada yake mkubwa ndiye anayesimamia wachumaji, anapokea karafuu mbichi kwa pishi, na usiku wanawake wa nyumba na majirani hukaa uani kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Asubuhi zinaanikwa kwenye sakafu na majamvi mbele ya nyumba. Zinahitaji siku kadhaa za jua mpaka zivunjike kwa mlio ukizibana kwa vidole, na kilo tatu mbichi zinakuja kuwa kama kilo moja kavu. Zikilowa katikati ya kazi huvunda na kupauka, na daraja linashuka siku ya kuzipeleka ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Kwa hiyo mtu aliye mbali kuuliza "mvua imenyesha?" si udadisi. Anauliza habari ya pesa za mwaka mzima.

Kijana wake aliyeko Muscat alinunua kamera mbili, mashine ya kurekodia, na seti ndogo ya hali ya hewa: joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na mvua. Fundi wa kwanza akafunga. Mwaka mmoja vikafanya kazi, au ndivyo walivyodhani Fuoni.

Nilichokikuta uani

Nilishuka Mkoani, nikapanda gari hadi Wete, nikafika baada ya adhuhuri. Nilipokwisha kunywa chai niliomba kuiona kamera ya uani. Ilikuwa juu ya ukuta, imeviringwa kanga kuukuu na kufungwa kwa kamba ya usumba, mafundo mawili, kazi ya mtu aliyekusudia isifunguke. Kumbe ndiyo "haioni" yenyewe, au nusu yake.

"Mwanangu," akasema bi mkubwa, yule dada mwenyewe, "hii ilikuwa ikigeuka yenyewe. Tumekaa usiku tunachambua, vichwa wazi, joto, mara unasikia zzz, inatutazama. Nikasema, mdogo wangu huyu kakosa nini hata awatazame wanawake usiku? Nikaona haya kumuuliza. Nikaifunga."

Nilimuuliza kama inageuka mpaka leo. Akasema tangu walipobadilisha laini ya intaneti haijasikika tena. Na mdogo wake alikuwa ameniambia kwamba tangu walipobadilisha laini haoni kitu, hata ile kamera ya pili iliyo mbele ya nyumba, ambayo haikufunikwa. Nikajua kwamba malalamiko haya mawili yana mzizi mmoja.

Intaneti ya mwanzo katika nyumba ile ilikuwa na anwani ya umma, yaani anwani ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuielekezea ombi. Fundi wa kwanza alifungua milango miwili kwenye ruta: namba 80, wa ukurasa wa mipangilio, na namba 554, ambao kamera hutumia kutoa picha mfululizo. Neno la siri aliliacha lile lililotoka kiwandani. Mzee akaandika anwani kwenye simu yake, picha ikaja, kila mtu akafurahi.

Tatizo ni kwamba mlango wa namna hiyo haujui mwenyewe ni nani. Tangu 2013 kuna programu iitwayo ZMap, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Michigan, inayoweza kugonga mlango mmoja kwenye karibu kila anwani ya IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani za intaneti) duniani kwa chini ya dakika 45, ikiwa mtandao wa anayegonga ni wa kasi ya kutosha. Anwani hizo ni takriban bilioni 4.3, na nyumba ya Wete ni moja kati yake. Hakuna aliyehitaji kuijua Pemba ili aifikie. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, vingi vikiwa kamera na mashine za kurekodia, kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani yasiyozidi dazeni sita. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizielekeza simu na kompyuta kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Huo ulikuwa wizi wa nguvu za kamera. Wizi wa macho yake ni mwepesi zaidi.

Mashine ya kurekodia ilikuwa na daftari lake la matukio ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Niliketi nalo pale ukumbini mpaka magharibi. Kulikuwa na anwani ya Fuoni, kulikuwa na ya Muscat, na kulikuwa na nyingine nyingi ambazo si za Tanzania wala Oman. Zimeingia kwa jina la msimamizi na neno la siri sahihi, usiku wa manane kwetu, zikakaa dakika tano, dakika arubaini, na amri za kuizungusha kamera ziko pale, mstari kwa mstari. Kuingia kwa mwisho kulikuwa siku moja kabla ya kubadilisha laini.

Nilimsomea bi mkubwa. Nilijiuliza kwanza kama inafaa, kwa sababu habari yenyewe inaumiza, lakini yeye ndiye aliyetazamwa na ana haki ya kujua kabla ya mtu yeyote wa Fuoni. Alinyamaza kidogo, akasema: "Kumbe nilimdhania mdogo wangu bure." Akachukua simu akampigia mbele yangu.

Kwa nini laini mpya ilifunga mlango

Laini waliyohamia ni ya simu, ndani ya ruta ndogo. Nilipotazama anwani ambayo ruta imepewa, ilianza na 100.72. Fundi akiiona hiyo anajua amefika mwisho wa njia. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa Aprili 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowagawia wateja wengi anwani moja ya umma, kwa kuwa IPv4 haziwatoshi.

Fikiria skuli yenye sanduku moja la posta na walimu thelathini. Mwalimu akiandika barua na kuacha nambari ya kumbukumbu, jibu litarudi na karani atajua la nani. Lakini barua ikija bila kumbukumbu, imeandikwa S.L.P. tu, karani hana wa kumpa na ataitupa. Ruta ya Wete ni mmoja wa walimu hao. Inaweza kuanzisha mazungumzo na kupata majibu, ila mtu wa nje hawezi kuyaanzisha. Ungeweza kufungua hata milango mia ndani ya ruta ile na isisaidie kitu, kwa sababu ombi linafia kwa karani.

Kwa hiyo kilichomzuia mzee ndicho kilichowazuia wageni. Alipoelewa, bado aliniuliza kama siwezi kumtafutia laini yenye anwani ya umma arudi kama zamani. Nilikataa, na ningekataa hata kama angetafuta fundi mwingine. Kubadilisha neno la siri kungepunguza hatari, lakini kamera za bei ile mara nyingi zina kasoro ndani ya programu zao zinazomruhusu mtu kupita bila neno la siri lolote, na mtengenezaji akishauza toleo hilo mara nyingi hatoi marekebisho tena. Kamera ya namna hiyo haistahili kukaa na uso wake barabarani.

Milimita 24 ambazo hazikunyesha

Sasa ugomvi wa mvua. Siku moja ya kusi, simu ya Fuoni ilionyesha kwamba Wete imenyesha milimita 24. Kihisi hakikutegemea milango ile. Chenyewe kilikuwa kikituma nambari zake kwenye seva ya mtengenezaji, yaani kompyuta yake iliyoko mbali, ndiyo maana kiliendelea kuonekana baada ya laini kubadilishwa. Mzee akapiga simu: kwa nini karafuu hazikuingizwa ndani? Dada akasema hakujadondoka hata tone. Mzee akaamini nambari.

Kipimamvua cha aina hii kina kijiko chenye pande mbili kama bembea. Maji yakijaa upande mmoja kijiko kinapinduka, sumaku inapita mbele ya swichi, na mashine inaandika pindo moja. Hiki cha kwao kila pindo lina thamani ya milimita 0.2794. Milimita 24 ni mapindo 86. Niliomba nionyeshwe kimefungwa wapi. Kilikuwa juu ya mlingoti mwembamba wa mti uliopigiliwa kwenye kona ya paa la bati. Nikaushika mlingoti nikautikisa kwa mkono kama upepo wa kusi unavyoutikisa, na bi mkubwa ameshika simu yangu. Jua kali, mbingu nyeupe, na nambari zikaanza kupanda: 0.28, 0.56, 0.84. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema kitu ambacho sikukisahau: "Miye nimekaa na karafuu miaka yote hii, kaamini kijiko."

Kihisi cha joto kilikuwa chini ya ukingo wa lile bati na adhuhuri kilikuwa kikisoma nyuzi 43. Hilo ni joto la bati. Hewa ya Pemba haifiki huko. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka kihisi kikae kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, ndani ya kikinga cheupe kinachopitisha upepo, nasi tulikihamisha hivyo. Kipimamvua tukakiweka juu ya nguzo fupi ya zege, mbali na mnazi.

Kulikuwa na nambari nyingine iliyowasumbua, nayo inawasumbua wengi. Mzee alikuwa akiona mgandamizo wa hewa unashuka kila alasiri na kupiga simu kwamba mvua inakuja. Katika nchi za joto kama zetu mgandamizo una kupwa na kujaa kwake kila siku: unapanda hadi kama saa 4 asubuhi, unashuka hadi kama saa 10 alasiri, kwa hektopaskali 2 au 3, mvua iwepo isiwepo. Anayetaka kuutumia lazima alinganishe saa 10 ya leo na saa 10 ya jana. Nilipomweleza, simu za alasiri zikakoma.

Tulivyojenga upya

Kabla sijagusa waya, tulikaa ukumbini, mzee yuko kwenye simu kwa sauti kubwa. Kamera ya uani ikaondolewa kabisa. Bi mkubwa alisema ua ni wa wanawake, na hapakuwa na mjadala. Kamera iliyobaki inatazama lango na sakafu ya kuanikia. Nikaweka swichi ukutani karibu na mlango wa jikoni, inayokata umeme wa kamera peke yake. Mwenye nyumba akitaka kuizima anaizima, na simu za nje zinapata ujumbe "kamera imezimwa nyumbani", ili mtu asidhani kuna hitilafu wala asianze kuulizana maswali.

Ndani nikaweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye ukubwa wa karibu kitambulisho cha mpiga kura. Hiyo ndiyo inayoanzisha mazungumzo. Inaita seva ndogo tuliyoikodi kwa njia ya siri ya WireGuard, ambayo imo ndani ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Kwa kuwa mazungumzo yanaanzia ndani, karani wa sanduku la posta anayapitisha bila shida. Ila karani ni msahaulifu. Mazungumzo yakinyamaza kwa muda mfupi anafuta kumbukumbu, kwa hiyo kila baada ya sekunde 25 kompyuta inatuma salamu tupu ya kumkumbusha. Simu ya Fuoni na ya Muscat nazo zinaita seva hiyo hiyo, kila moja na ufunguo wake. Wanakutana hapo. Nyumba ya Wete haina mlango hata mmoja uliofunguliwa, na kamera imezuiwa isitoke kwenda intaneti kabisa. Inazungumza na kompyuta ndogo tu. Vihisi pia nikavitoa kwenye seva ya mtengenezaji.

Bando nalo lilitaka hesabu. Picha ya video hata ile ndogo ya kilobiti 512 kwa sekunde, ikiachwa saa 24, inakula kama gigabaiti 5.5 kwa siku. Nikaweka picha mnato moja kila dakika 10, kama kilobaiti 60, ambayo haifiki megabaiti 9 kwa siku. Video inakuja pale tu mtu anapoiomba. Vihisi havina gharama ya kusema: ujumbe wa baiti 120 kila dakika haufiki hata kilobaiti 200 kwa siku.

Kitu ninachojivunia zaidi katika kazi ile ni cha bei ndogo kuliko vyote. Ni kibao cha kuhisi matone, kimelazwa kwa mteremko karibu na sakafu, chenye waya unaokwenda kwenye kengele ndani ya nyumba na betri yake. Tone la kwanza likigusa, kengele inalia jikoni. Haipiti kwenye kompyuta, haipiti Unguja, haijui intaneti ni nini. Fuoni wanapata habari baadaye. Anayeweza kuwahi karafuu ni aliye hatua kumi kutoka kwenye jamvi, na ndiye anayestahili kuambiwa kwanza.

Kosa langu

Siku ya 19 baada ya kurudi Unguja, umeme ulikatika Wete usiku, ukarudi alfajiri, na nyumba haikuonekana tena. Siku mbili kimya. Nilimpigia bi mkubwa, akanisomea taa: nyekundu inawaka, kijani inapepesa. Kompyuta ilikuwa hai na intaneti ipo.

Ilinichukua usiku mzima kuona nilichofanya. Kadi ya kumbukumbu ya kompyuta nilikuwa nimeifunga isiandikwe, ili umeme ukikatika ghafla isiharibike. Lakini kompyuta ile haikuwa na saa yenye betri, kwa hiyo ilipowaka ilirudi kwenye tarehe niliyoifunga, siku 19 nyuma. WireGuard kila inaposalimia hupiga muhuri wa saa, na seva haipokei salamu yenye saa iliyo nyuma ya ile ya mwisho. Ni kinga dhidi ya mtu anayerekodi salamu ya mwenzake na kuirudia. Kuuliza saa sahihi nako nilikuwa nimekupitisha ndani ya njia ile ile ya siri. Saa ikisubiri njia, njia ikisubiri saa.

Niliweza kuitoa nikiwa Unguja. Niliufuta ufunguo wa nyumba kwenye seva nikauandika upya, na seva ikasahau muhuri wa zamani. Dakika haikuisha nyumba ikaita. Kisha nikaruhusu ombi la saa lipite nje ya njia ya siri, na kwa boti ya wiki ile nikapeleka kipande cha saa cha DS3231 chenye betri ya kidonge. Anayefunga kompyuta ya namna hii mahali umeme unapokatika asiiache bila kipande hicho.

Vipimo vya siku zile mbili vilikuja vimeandikwa tarehe za mwezi uliopita, nikavisahihisha kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na mvua mbili, moja ya milimita 11. Nilimuuliza bi mkubwa karafuu zilikuwaje. Akashangaa swali. Kengele ililia, wakaziingiza, sisi tusioona tulikuwa ni sisi wa huku.

Baadaye kijana wa Muscat alipoteza simu. Nikafuta ufunguo wake peke yake na wengine hawakujua kama kuna lililotokea. Nilipokuwa nikimpa mpya ndipo bi mkubwa alipouliza kwa nini orodha ya funguo ina wanaume watupu, mdogo wake, mpwa wake, na mimi fundi. Sikuwa na jibu la maana. Ufunguo wa nne ni wake. Video haifungui kamwe. Anachotazama ni unyevu wa hewa, akishaswali alfajiri, ili ajue aanike mapema au asubiri umande upande.